IBN AL-HAYTHAM: Mwanachuoni aliyerudi kwa mtawala kusema bwawa haliwezekani

Ndugu msomaji, katika somo la Maarifa ya Uislamu tunapofika kwenye mada ya mchango wa Waislamu katika elimu na ustaarabu, jina la Ibn al-Haytham hutajwa haraka haraka pamoja na Ibn Sina na al-Khwarizmi, kisha tunasonga mbele. Mwanafunzi anaandika kwenye daftari lake kuwa huyu ndiye aliyeeleza jinsi jicho linavyoona, anakariri kwa ajili ya mtihani, basi. Sehemu ya maisha yake ambayo ingetufaa zaidi sisi wakazi wa Manyara haitajwi kabisa. Nayo ni safari aliyofanya kwenda kuukagua mto Nile ili audhibiti kwa ujenzi, na jibu alilorudi nalo.

Nasema ingetufaa sisi kwa sababu mkoa wetu ni mkoa wa kiu na wa tope kwa pamoja. Huko Simanjiro na Kiteto mfugaji anategemea lambo, na lambo likikauka anaswaga ng'ombe wake mwendo wa siku nzima. Hapa Babati mjini tumewahi kufurikwa na ziwa letu wenyewe mwaka 1990. Na tarehe 3 Desemba 2023 ndugu zetu wa Katesh na vijiji vya jirani waliteremkiwa na tope, mawe na magogo kutoka mlima Hanang, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mwenyezi Mungu awarehemu. Kila kiangazi tunaomba bwawa, na kila masika tunaliona tope kwa macho yetu. Lakini ni nadra kusikia mambo haya mawili yakizungumzwa katika kikao kimoja.

Kijana wa Basra

Jina lake kamili ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Hasan ibn al-Haytham. Alizaliwa Basra, kusini mwa Iraq, yapata mwaka 965 wa Miladia, sawa na mwaka 354 Hijria. Basra ni mji wa maji. Hapo jirani mito ya Tigris na Euphrates hukutana kuelekea baharini, na tangu zama za kale watu wa nchi ile waliishi kwa mifereji na matuta. Ni katika mabwawa ya chumvi ya Basra hiyo hiyo ambako watumwa waliotoka pwani yetu ya Afrika Mashariki, Wazanji, walifanyishwa kazi ya kuondoa tabaka la udongo wa chumvi ili mashamba yapatikane, hadi wakaasi mwaka 869 na kupigana kwa miaka 14. Uasi huo ulizimwa miaka takriban 80 kabla ya Ibn al-Haytham kuzaliwa. Kwa hiyo alikulia mahali ambapo habari ya maji na udongo ilikuwa habari ya uhai na kifo.

Alisoma hesabu, falaki, tiba na falsafa. Alizisoma kazi za Wagiriki, kina Euclid na Ptolemy, lakini hakuzisoma kwa kuzisujudia. Baadaye aliandika kitabu kizima kuonyesha mahali ambapo Ptolemy alijipinga mwenyewe. Hii ndiyo iliyokuwa tabia yake, kutolipokea jambo kwa sababu tu limesemwa na mkubwa.

Habari zinazomfikia Misri

Mwandishi wa wasifu wa wanachuoni, Jamaluddin al-Qifti, aliyefariki mwaka 1248, anasimulia kuwa Ibn al-Haytham akiwa bado Iraq alisema kwamba lau angekuwa Misri angeufanyia mto Nile kazi ambayo ingeuletea watu manufaa wakati wa kujaa kwake na wakati wa kupungua kwake. Alikuwa amesikia kuwa mto ule unateremka kutoka mahali pa juu kwenye mpaka wa kusini wa Misri. Kwa hesabu zake akiwa mbali, mahali pa namna hiyo panafaa kuzuia maji.

Tuelewe uzito wa maneno hayo. Misri yote ilikuwa inakula kwa Nile. Kule Cairo, kwenye kisiwa cha Rawda, kulikuwa na kipimo cha kina cha mto kilichojengwa mwaka 861. Maji yakifika dhiraa 16 watu walifurahi na kodi ilipangwa. Yakipungua ilikuwa njaa, na yakizidi ilikuwa gharika. Mtu anayesema anaweza kuuweka mto huo mkononi alikuwa anaahidi mkate wa taifa zima.

Habari zikamfikia mtawala wa Misri, al-Hakim bi-Amr Allah wa dola ya Wafatimi, aliyetawala kuanzia mwaka 996 hadi 1021. Huyu alikuwa mtu wa ajabu. Kwa upande mmoja alipenda elimu, na mwaka 1005 alifungua Dar al-Ilm mjini Cairo, nyumba ya vitabu na masomo. Kwa upande mwingine amri zake hazikutabirika. Alipiga marufuku hata mulukhiya, mboga ambayo ni jamii moja na mlenda wetu. Na aliwaua mawaziri na maafisa wake kadhaa, baadhi yao wakiwa wale waliomkaribia sana.

Al-Hakim akampelekea Ibn al-Haytham mali na kumwita. Alipofika, mtawala mwenyewe alitoka nje ya Cairo kwenda kumpokea. Akamkirimu, kisha baada ya mapumziko akamkumbusha ile ahadi.

Safari ya Aswan

Ibn al-Haytham akaondoka na kundi la mafundi wa ujenzi, wakaufuata mto kuelekea kusini, safari ya zaidi ya kilomita 800. Njiani akawa anaona majengo ya kale ya Wamisri, mahekalu na mawe makubwa yaliyochongwa kwa ufundi na hesabu ya hali ya juu. Anasimulia al-Qifti kuwa hapo ndipo shaka ilipoanza kumwingia. Watu waliokuwa na elimu hii yote waliishi kando ya mto huu kwa maelfu ya miaka. Kama jambo hili lingewezekana, wangelifanya.

Lakini hakurudia njiani kwa dhana tu. Aliendelea hadi mahali panapoitwa al-Janadil, kwenye maporomoko ya kusini mwa Aswan. Akapaangalia, akapachunguza pande zote mbili za mto, na akaona kuwa hali halisi ya mahali hailingani na ile aliyoipanga akiwa Iraq. Akarudi Cairo akiwa ameinamisha kichwa, akamweleza al-Hakim kuwa haliwezekani, akaomba radhi.

Al-Hakim alimpokea kwa utulivu na kumpa kazi katika ofisi ya serikali. Ibn al-Haytham aliipokea kwa hofu, si kwa kuipenda, kwani aliujua upanga wa bwana yule. Ndipo akaona njia moja tu ya kuinusuru nafsi yake. Akajifanya mwendawazimu. Mali yake ikawekwa chini ya msimamizi, naye akafungiwa nyumbani. Akakaa hivyo mpaka usiku mmoja wa mwaka 1021, al-Hakim alipotoka kuelekea vilima vya Muqattam na asionekane tena. Hapo akili za Ibn al-Haytham zikarejea!

Ni haki msomaji ajue kuwa al-Qifti aliandika miaka takriban 200 baada ya mambo haya, na kwamba wapo waliosimulia tofauti. Al-Bayhaqi, aliyemtangulia al-Qifti, anasema mtawala aliukataa mpango huo na Ibn al-Haytham akakimbilia Sham. Lakini kwamba alikuwa na mpango juu ya Nile, na kwamba mpango huo uligongana na ukweli na mamlaka, katika hilo wasimulizi wanakaribiana.

Maisha yake ya mwisho yalikuwa ya mtu maskini aliye huru. Alikaa karibu na mlango wa msikiti wa al-Azhar. Kila mwaka alinakili kwa mkono vitabu vya hesabu na falaki, kikiwemo cha Euclid na kile kikubwa cha Ptolemy, akaviuza kwa dinari 150, na hiyo ndiyo ikawa riziki yake ya mwaka mzima. Ndiye huyo huyo aliyeandika Kitab al-Manazir, kitabu cha juzuu saba juu ya nuru na uoni, alichokijenga juu ya majaribio, si juu ya porojo. Kitabu hicho kilitafsiriwa Kilatini mnamo mwaka 1200 hivi na wanachuoni wa Ulaya wakakisoma kwa karne kadhaa. Alifariki Cairo karibu mwaka 1040.

Kile alichobeba mto

Wanafunzi wangu huniuliza swali zuri. Mwalimu, kwa nini tumsifu mtu kwa jambo aliloshindwa? Jibu langu ni kwamba waende wakaangalie yaliyotokea pale pale aliposimama.

Ugumu wa Nile si wingi wa maji tu. Maji yanayotoka Ziwa Victoria kwenye mlango wa Jinja ni safi, kwa sababu udongo umeshatulia ziwani. Lakini Nile ya Buluu na mto Atbara huteremka kutoka milima ya Ethiopia, na wakati wa mafuriko huja na udongo wa milima ile. Kabla ya mabwawa makubwa, zaidi ya tani milioni 100 za udongo zilikuwa zinapita Aswan kila mwaka, karibu zote katika miezi michache ya mafuriko. Mto unaokimbia una nguvu ya kubeba mzigo huo. Ukikuta bwawa, mwendo unapungua na mzigo unaanguka. Mchanga mzito unaanguka mwanzoni, pale mto unapoingia bwawani, na tope laini linatembea hadi karibu na ukuta. Mwaka baada ya mwaka nafasi ya maji inageuka kuwa nafasi ya udongo. Kwa hiyo mwenye kujenga bwawa kwenye mto wa tope bila kulihesabu tope, kwa hakika anajenga shamba bila kujijua.

Waingereza walipojenga bwawa la kwanza la Aswan, lililokamilika mwaka 1902, karibu miaka 900 baada ya Ibn al-Haytham na katika maporomoko yale yale, walilijua hili. Ukuta wao ulikuwa na milango 180. Mafuriko yenye tope yalipofika, milango ilifunguliwa na maji mazito yakaachwa yapite yaende zake mashambani. Mafuriko yalipopungua na maji kuanza kuwa safi, ndipo milango ilipofungwa na bwawa kujazwa. Yaani ubora wa bwawa lile ulikuwa katika maji lililokubali kuyaachia.

Bwawa Kuu la Aswan lililokamilika mwaka 1970 lilichukua njia nyingine. Lina kimo cha mita 111 na linazuia mafuriko yote. Waliolipanga walitenga chini yake nafasi ya takriban mita za ujazo bilioni 31 kwa ajili ya tope peke yake, ili lije lijae kwa karne kadhaa. Hata hivyo gharama ipo. Mashamba ya Misri yalikosa rutuba iliyokuwa ikiletwa bure kila mwaka, na ufuko wa bahari huko Rashid ukaanza kuliwa na mawimbi kwa kukosa udongo wa kuufidia.

Kisa cha watu wa Wadi Halfa ndicho kinachoniuma zaidi. Ziwa la Bwawa Kuu lilipomeza ardhi ya Wanubi wa Sudan, watu kama 50,000 walihamishwa mwaka 1964 na kupelekwa mashariki ya nchi, kwenye mashamba ya umwagiliaji ya bwawa jipya la Khashm el-Girba katika mto Atbara. Atbara ni miongoni mwa mito yenye tope zito mno. Bwawa lile lilijengwa na nafasi ya mita za ujazo bilioni 1.3, na katika miongo michache likapoteza zaidi ya nusu ya nafasi hiyo kwa udongo. Watu waliotoa nchi yao kwa ajili ya bwawa moja wakaahidiwa maji ya bwawa la pili, na la pili likajaa udongo. Hayo ndiyo yanayowapata wananchi pale hesabu ya tope inapopuuzwa.

Turudi nyumbani

Tusidhani kuwa haya ni ya Waarabu na Wasudani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Sweden walipima mabwawa manne ya Dodoma yaliyojengwa wakati wa ukoloni, yaani Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Walikuta udongo unaingia kwa kasi, nao ulitoka kwenye miteremko iliyolimwa bila kinga na kulishwa mifugo hadi ikabaki wazi. Jirani zetu wa Kondoa ndio walioshuhudia makubwa zaidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la Kondoa lililomomonyoka. Majani yalirudi, lakini mfugaji ndiye aliyebeba mzigo wa kuhama. Na leo mto Bubu unaopokea maji ya vilima vile ndio uliopangiwa bwawa la Farkwa kwa ajili ya maji ya jiji la Dodoma. Kwa hiyo kila mti unaokatwa na kila mteremko unaolimwa kuelekea bondeni huko Kondoa ni hesabu ya maji ya Dodoma.

Kinachotakiwa kinajulikana. Udongo upimwe mtoni kwa miaka kadhaa, na upimwe siku za mafuriko hasa, maana siku chache za mvua kubwa huleta udongo kuliko miezi mingi ya kawaida. Nafasi ya tope itengwe tangu kwenye ramani. Milango ya chini iwekwe ili tope lipate pa kutokea. Makingamaji na majani yaanzie juu mlimani kabla ya ukuta kuinuka bondeni. Na lambo la kijiji lichimbwe pembeni ya korongo, si ndani ya korongo, na mbele yake pawe na shimo la kunasa mchanga ambalo wanakijiji wanaweza kulizoa kwa majembe kila kiangazi. Kuzoa tope ndani ya bwawa kubwa ni ghali, na bado kuna swali la wapi utalimwaga.

Hayo ni ya wahandisi. Mimi ni mwalimu wa dini, na langu ni hili la Ibn al-Haytham. Mtu huyu alikuwa ameshapewa fedha. Alikuwa ameshapokelewa kwa heshima mbele ya watu. Alikuwa na mafundi wa kuanza kazi kesho yake. Angeweza kupanga mawe, kutoa ripoti nzuri na kutafuta udhuru baadaye. Badala yake alikwenda mwenyewe mahali pa kazi, akaamini macho yake kuliko maneno yake ya zamani, na akarudi kumwambia ukweli mtu anayeua. Hiyo kwetu sisi inaitwa amana.

Wala jambo hili si la zama za kale pekee. Mwaka 1957 mhandisi wa China aitwaye Huang Wanli alipinga mpango wa bwawa la Sanmenxia kwenye Mto Njano, akionya juu ya tope. Alipachikwa jina la adui wa siasa ya nchi. Bwawa likaanza kuzuia maji mwaka 1960, na ndani ya miaka michache likawa limeziba kiasi cha kulazimika kutobolewa milango mipya chini ya ukuta.

Wengine wataona kuwa kujifanya mwendawazimu si sifa ya mwanachuoni. Mimi naona lawama hiyo impelekee al-Hakim. Kuhifadhi nafsi ni katika makusudio ya sharia, na Ibn al-Haytham aliificha akili yake baada ya kuusema ukweli, wala hakuificha ili asiuseme. Nchi ambayo mtaalamu wake hana budi kuwa kichaa ili awe salama, imejinyima yenyewe elimu yake.

Basi likija suala la lambo au bwawa katika kijiji au kata yetu, sisi Waislamu tuwe wa kwanza kuhudhuria mkutano na kuuliza mambo manne. Nani amelipima tope la korongo hili, na kwa masika mangapi? Baada ya miaka 20 patabaki kina gani? Nani ataizoa michanga, na kwa fedha ipi? Na yule mtaalamu aliyekuja akasema hapa hapafai, je, ripoti yake iko wapi? Mwenyekiti akishindwa kujibu hilo la mwisho, tusinyanyue mikono kupitisha.

Wabillahi tawfiq.

(Mwandishi ni mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, Babati mjini.)